Rolakosta mpya ya familia na umati wa tarehe 26 Desemba: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kilitokea katika bustani ya burudani iliyo mwendo mfupi kutoka Kampala. Majina ya bustani, ya mmiliki na ya wote waliohusika yameachwa, na baadhi ya vipimo vimekadiriwa ili mahali pasitambulike. Mimi nilishiriki kuwafundisha wahudumu wa jukwaani, yaani pale abiria wanapopandia na kushukia, na baada ya sikukuu tuliketi pamoja kupitia daftari la kazi mstari kwa mstari. Nakiandika kwa ajili ya watakaoletewa mtambo wa aina hii kesho, iwe Mbarara, Gulu au Kisumu. Wanastahili kuyajua haya kabla watoto hawajapanga foleni.

## Usuli

Kwa miaka mingi bustani hiyo iliishi kwa mabembea, farasi wa kuzunguka, jumba la kurukia la upepo na treni ndogo ya uwanjani. Wateja wake ni familia za mjini, shule zinazoleta watoto mwisho wa muhula, na wageni wengi wanaokaa Kampala: Wakenya, watu wa Sudan Kusini, watu wa mashariki mwa Kongo.

Mtambo ulionunuliwa nje ya nchi ni rolakosta ya familia, si ile ya kuwageuza watu kichwa chini. Kilima chake cha kwanza kina urefu wa mita 8 hivi. Treni ni moja tu, yenye vibehewa 6 vya watu wawili wawili, yaani abiria 12, nayo huzunguka mara mbili kwa kila safari. Mota na mnyororo huipandisha hadi kileleni, na kutoka hapo huteremka kwa uzito wake wenyewe, kwa kasi inayofika kilomita 35 kwa saa. Kila kibehewa kina magurudumu juu ya reli, ubavuni mwa reli na chini ya reli, kwa hiyo hakiwezi kunyanyuka. Abiria hushikwa na chuma kinachoshushwa mapajani. Kanuni ya kiwanda kuhusu urefu ilikuwa wazi: aliye chini ya sentimita 95 hapandi; kuanzia 95 hadi 120 anapanda na mtu mzima; aliyezidi hapo anaweza kukaa peke yake.

Kontena za kwanza zilipovuka mpaka wa Malaba zikitokea Mombasa, picha zilikwishasambaa kwenye simu za watu. Bango kubwa liliwekwa barabarani: tarehe 20 Desemba. Nguzo ziliposimama zikaonekana kutoka barabarani, na makonda wa teksi wakawa wanawaonyesha abiria. Watoto waliahidiwa kupelekwa kama zawadi ya kufaulu mtihani. Pamoja na hamu hiyo kulikuwa na hofu, na swali lilikuwa moja kila mahali: je, haitaanguka?

## Yaliyotokea, kwa mfululizo

Kontena yenye paneli ya kudhibitia mtambo ilichelewa njiani. Fundi wa kiwanda alifika akakuta reli, nguzo na treni, lakini hana cha kuwashia. Mvua za Oktoba na Novemba nazo zilikuwa zimechelewesha misingi. Nguvu ya zege hupimwa ikifikisha siku 28, na mhandisi wa ujenzi alikataa nguzo zibebeshwe mzigo kabla ya hapo. Wiki zilizotengwa kwa majaribio ziliisha kabla majaribio yenyewe hayajaanza.

Yalipoanza yalifanywa ipasavyo: treni tupu kwanza, kisha treni yenye viroba vya mchanga vyenye uzito wa watu wazima 12, mara nyingi, asubuhi na mchana. Alasiri moja baada ya mvua, treni iliyojaa viroba iliingia jukwaani ikapita alama yake kwa karibu mita moja. Breki za mtambo huu hubana bamba la chuma lililo chini ya treni, na bamba likilowa mshiko hupungua. Zaidi ya hayo, magurudumu yakishapata joto la mchana treni hukimbia kuliko asubuhi. Kupita mita moja hakungemuumiza mtu siku ile, ila milango ya jukwaa haikukutana na vibehewa, na mtoto anayeshuka angeweza kukanyaga pengo. Fundi alisema anahitaji siku kadhaa kurekebisha breki na kurudia majaribio yote. Siku mbili tu zilikuwa zimebaki kufikia tarehe ya bango.

Mmiliki alimwita mkuu wa mtambo, mama wa makamo kutoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliyewahi kuendesha mashine za kiwandani. "Mama, nipe tarehe," alimwambia. "Watu wameshawanunulia watoto nguo." Akamjibu: "Tarehe sina, mzee. Nina karatasi ya ukaguzi, na haijasainiwa." Meneja alitaka wafungue kwa nusu ya abiria. Fundi akakataa kusaini kwa nusu. Ufunguzi ukaahirishwa hadi tarehe 26.

Tangazo la kuahirisha lilisema tu "sababu za kiufundi". Watu walikuwa wameona viroba vya mchanga vikipakuliwa kwenye treni, na kabla ya jua kuzama uvumi ulikuwa umeshafika sokoni: imeanguka, mchanga umemwagika.

Breki zilirekebishwa, majaribio yakarudiwa, karatasi ikasainiwa. Siku mbili kabla ya Krismasi familia za wafanyakazi na majirani walipanda bure. Kila kitu kilikwenda sawa, na meneja akaona maandalizi yamekamilika.

Tarehe 26 mageti yalifunguliwa saa tatu asubuhi na mtambo ukaanza saa nne. Kufikia saa tano foleni ilikuwa imepita farasi wa kuzunguka na kuzunguka jengo la vyakula. Tiketi ziliuzwa dirishani na kwa simu bila kikomo. Fimbo ya kupimia urefu ilisimama juu ya ngazi za jukwaa, hatua chache tu kutoka kwenye treni, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Shule nyingi za Uganda hutaka wanafunzi wanyoe nywele, hivyo likizo ya Desemba ndiyo msimu wa kusuka. Nakumbuka binti wa miaka minne au mitano hivi aliyefungiwa nywele zake za likizo fundo kubwa utosini, na viatu vyenye soli nene. Ukimtazama kwa mbali alikuwa amepita alama. Mhudumu alimvua viatu, akashusha ubao wa fimbo polepole hadi ukagusa kichwa chenyewe chini ya fundo, na binti akapungukiwa vidole viwili. Baba yake alikuwa amesimama juani kwa karibu saa mbili. "Dada, mngeniambia kule chini," alisema, wala hakupaza sauti. Kisha akatumwa akapange foleni nyingine dirishani ili arudishiwe pesa. Tukio la namna hiyo lilijirudia siku nzima, na si kila mzazi alikuwa mpole kama huyu.

Saa tisa alasiri umeme ulikatika eneo lote, treni ikiwa katikati ya kupanda. Meno ya chuma yanayozuia treni kurudi nyuma yalishika, ikasimama palepale, umbali wa kama mita 5 kutoka ardhini. Baada ya muda mfupi jenereta ilinguruma, taa zikawaka na muziki ukarudi, lakini treni haikusogea. Umati ukaanza kupiga kelele: "Washeni!" Mtambo huu umeundwa makusudi usijiwashe wenyewe umeme unaporudi, jambo ambalo hakuna mteja aliyekuwa ameambiwa. Walichoona wao ni kwamba taa zimewaka na treni imekufa.

Mkuu wa mtambo aliwapandisha wahudumu wawili kwenye ngazi za ukaguzi zilizo kando ya kilima. Kipaza sauti kilikuwa kikitangaza kwa Kiingereza na Kiganda. Katika kibehewa cha nne alikaa bibi mmoja kutoka Kongo pamoja na mjukuu wake, hakujua hata lugha moja kati ya hizo, na alikuwa akisukuma chuma cha mapajani kwa mikono miwili ili atoke. Mhudumu mmoja, kijana aliyekulia Arua, akamwambia kwa Kiswahili: "Bibi, usikisukume. Hicho ndicho kinakushika. Kaa hivyohivyo, mimi niko hapa na wewe." Bibi akaachia. Baada ya dakika kama 20 treni ilimalizia kupanda, ikazunguka, ikaingia jukwaani.

Saa kumi na mbili jioni mtambo ulifungwa kwa sababu taa za ngazi za ukaguzi hazikutosha kazi ya usiku. Tiketi zaidi ya 1,300 zilikuwa zimeuzwa. Waliopanda hawakufika 900.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuahirisha ulichukuliwa dhidi ya bango, redio na pesa, na ulikuwa sahihi. Mkuu wa mtambo aliuegemeza kwenye karatasi na si kwenye maoni yake, na hilo lilimlinda: mmiliki hakuwa na mtu wa kubembeleza. Kiwango cha Ulaya cha EN 13814 na kile cha kimataifa cha ISO 17842 vyote vinahusu mitambo ya aina hii, na wauzaji makini huleta daftari la ukaguzi linalofuata mojawapo. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamwekea mwajiri wajibu wake. Yote hayo hayana nguvu kama hakuna mtu bustanini mwenye mamlaka ya kusema hapana na asiadhibiwe. Mama huyu alikuwa na mamlaka hayo kwa barua, na ninaamini barua hiyo ilikuwa na thamani kuliko bango lolote.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa mchana uleule wa tarehe 26, foleni ilipovimba. Meneja alipendekeza mambo mawili: treni izunguke mara moja badala ya mbili, na wahudumu waache kuvuta kila chuma cha mapajani kwa mkono, watazame kwa macho. La pili mkuu wa mtambo alilikataa papo hapo. Kukisukuma chini na kukivuta juu kila chuma huchukua sekunde tatu au nne kwa mtu, na ndiyo njia ya kugundua kwamba mtoto amekalia mkoba wake au chuma kimeishia tumboni mwa mama na kumwachia mwanawe nafasi. La kwanza alilikataa baada ya kupiga hesabu, na hesabu hiyo nitaifikia.

Wakati umeme ulipokatika alikuwa na njia mbili: kuwashusha abiria kwa ngazi, au kuuwasha mtambo upya. Alichagua kuwasha, ila kwa utaratibu. Kwanza alithibitisha kwamba chanzo kilikuwa umeme wa eneo lote na wala si hitilafu ya mtambo. Kisha wahudumu wakakagua mnyororo na vyuma vyote vya mapajani, wakatoka njiani, ndipo akabonyeza. Kuwateremsha watoto wadogo kwenye ngazi nyembamba mita 5 juu kuna hatari yake, na hakukuwa na sababu ya kuikaribisha. Kama chanzo kisingejulikana, angewashusha hata kama ingechukua saa nzima.

## Matokeo

Hakuna aliyeumia. Breki zilishika alama yake siku nzima, hata manyunyu ya mchana yalipopita. Kwa upande wa usalama hii ilikuwa siku njema, na wahudumu walistahili pongezi ambazo jioni ile hawakuzipata.

Kwa upande wa wateja hali ilikuwa nyingine. Zaidi ya watu 400 waliondoka na tiketi mikononi. Wengine walirudishiwa pesa, wengine wakaahidiwa siku nyingine, na kwa waliosafiri kutoka mbali ahadi hiyo haikuwa na maana. Video ya treni iliyosimama kilimani ilizunguka kwenye simu kwa siku kadhaa bila maelezo yoyote ya bustani.

## Uchambuzi

Hofu iliyokuwa midomoni mwa watu ilihusu kuanguka. Kilichowaumiza ni kusubiri. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kisa hiki.

Karatasi ya kiwanda ilisema mtambo unabeba watu 360 kwa saa. Namba hiyo hupatikana ukichukulia treni inaondoka kila baada ya dakika 2 ikiwa imejaa: safari 30, abiria 12 kila safari. Meneja aliuza tiketi kwa kuamini namba hiyo. Daftari la siku lilionyesha treni ikiondoka kila baada ya dakika 5 na zaidi kidogo, na mara nyingi ikiwa na viti viwili vitupu, maana familia ya watu watatu haikubali kugawanywa. Safari zisizozidi 12 kwa saa, watu 10 au 11 kila moja: ni kama watu 125. Zidisha kwa saa saba za kazi halisi ukitoa vituo na lile tukio la umeme, unapata karibu watu 875. Hakuna fumbo katika upungufu wa jioni ile. Ulikuwa umeandikwa tangu tiketi ya mia tisa ilipouzwa kabla ya saa saba.

Sasa angalia lile pendekezo la mzunguko mmoja. Mizunguko yote miwili ilichukua sekunde 75 hivi. Kuondoa mmoja kungeokoa sekunde zisizofika 40 kati ya sekunde 300 na zaidi. Mteja angekatwa nusu ya alicholipia, na foleni isingehisi tofauti. Muda ulikuwa unaliwa jukwaani: kina mama wakitafuta pa kuweka mikoba, mtoto akifunguliwa kutoka mgongoni ili aachwe kwa shangazi, mkanda wa gomesi, lile vazi refu la kina mama wa Uganda, ukikunjwa usining'inie nje ya kibehewa, kandambili zikivuliwa, simu zikipiga picha ya mwisho. Hakuna lolote kati ya hayo ambalo ni kosa la mteja. Alikuwa anaambiwa masharti kwa mara ya kwanza akiwa tayari anatazamana na treni.

Lile jaribio la kupandisha familia za wafanyakazi liliwapa watu matumaini yasiyo na msingi. Lilipima mtambo mbele ya watu waliojuana, wasio na mizigo, wasio na foleni. Lingeweza kupima jukwaa pia kama wangewaalika wageni wasiojua lolote, wenye mikoba na watoto wa kila kimo, kisha mtu mmoja akasimama kando na saa. Hilo nalihimiza kila mahali ninapokwenda.

Kuchagua tarehe 26 ndiko kosa kubwa ninaloliona katika kisa kizima. Kuahirisha kulikuwa sahihi, lakini mtambo ulihamishwa kutoka siku yenye watu wengi hadi siku yenye watu wengi zaidi katika mwaka. Nchini mwetu Januari ni mwezi mtulivu kwa biashara hii. Shule bado zimefungwa hadi karibu Februari, na wazazi wanatafuta karo. Bustani ingefungua kimyakimya Januari, wahudumu wangejifunza kwa foleni ya watu 30, na Pasaka ingewakuta wameiva. Mmiliki alihofia kupoteza mapato ya Krismasi. Ninamwelewa kabisa, lakini sehemu ya mapato hayo aliirudisha dirishani jioni ileile.

Kuhusu mawasiliano, maneno "sababu za kiufundi" yaliacha nafasi ambayo uvumi uliijaza. Ukweli ulikuwa wa kujivunia: treni ilijaribiwa kwa mchanga, ikaonekana breki zinahitaji marekebisho siku ya mvua, tukasubiri. Mzazi akisikia hivyo anapata imani. Vivyo hivyo na ule mlio wa tak-tak-tak treni inapopanda, uliowatia watu hofu. Ni meno ya kuzuia kurudi nyuma yakidondoka moja baada ya jingine, na ukilisema hilo kabla ya safari, mlio unageuka kuwa faraja.

Katika suala la kuwasha upya, utulivu wa mkuu wa mtambo mbele ya kelele za umati unafaa kufundishwa. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, rolakosta iitwayo Smiler ilisimamishwa na mfumo wake wa usalama kwa sababu kulikuwa na treni tupu mbele kwenye reli. Mafundi walidhani mfumo umekosea, wakaupita, na treni yenye abiria ikagonga ile tupu. Wasichana wawili walikatwa mguu. Mwaka uliofuata kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5. Mtambo ukisimama, unakuambia jambo. Chanzo kijulikane kwanza, kidole kwenye kitufe kije baadaye.

Lugha nayo ilikuwa sehemu ya usalama. Bibi yule angefaulu kufyatua chuma, au angejiumiza kwa kujaribu, si kwa ukaidi ila kwa sababu hakuna aliyemwambia kwa maneno anayoyaelewa. Serikali ilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, na kwenye bustani yenye wateja wa namna hii kazi yake inaonekana kwa macho.

## Yaliyobadilishwa

Fimbo ya urefu sasa iko getini, nyingine dirisha la tiketi, na ile ya jukwaani imebaki kwa uhakiki. Aliyepimwa hufungwa utepe wa rangi mkononi. Nywele za kusuka hupimwa kwa kugusa kichwa, na wazazi huambiwa hivyo mapema. Tiketi huuzwa kwa saa maalumu, na saa ikijaa dirisha husema imejaa. Kwenye sakafu ya mahali pa kusubiri zimechorwa namba 1 hadi 12, ili kundi linalofuata liweke mikoba kwenye rafu na kuvua kandambili treni ikiwa bado inazunguka. Matangazo ni kwa lugha tatu. Kabla ya mvua za Machi iliongezwa kanuni ya radi: kati ya mwako na ngurumo zikipita sekunde chini ya 30, mtambo unasimama, na haurudi kazini hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi mno kuubahatisha.

Kwa mpangilio huo treni ilianza kuondoka kila baada ya dakika 3 na sekunde kadhaa, kama watu 200 kwa saa, na kila chuma bado kinavutwa kwa mkono. Pasaka tiketi ziliuzwa kwa kipimo hicho, na wote walionunua walipanda.

Mmiliki sasa anataka treni ya pili. Mkuu wa mtambo amemweleza kwamba reli hii haina sehemu yenye breki ya kushikilia treni moja wakati nyingine iko jukwaani, na bila sehemu hiyo treni mbili haziwezi kutembea kwa usalama. Kiwanda kikubali kwanza kubadilisha mchoro na kuupitisha kwenye ukaguzi upya. Kwa mwaka huu pesa hizo zimeelekezwa kwenye paa la foleni, taa za ngazi za ukaguzi, na seti ya akiba ya magurudumu, ambayo huagizwa mapema kwa sababu huja kwa meli hadi Mombasa.